Gari la marehemu na karatasi ya uongo

Ndugu msikilizaji, ukikaa jijini Nairobi na wazee wanaopenda magari, hutakosa kuambiwa kwamba kuna jirani, au shemeji, au mkubwa fulani wa kazini, aliyewahi kumiliki gari lililoshinda mashindano ya Safari. Ukiyaandika magari hayo yote katika karatasi na kuyahesabu, utaona kwamba washindi ni wengi kuliko miaka ambayo mashindano yenyewe yamefanyika. Jambo hili linachekesha, lakini lina ubaya wake. Gari kuukuu lina bei, na siku hizi bei hiyo hupanda au kushuka kufuatana na hadithi inayosimuliwa juu yake. Juma hili nataka tuzungumze juu ya gari moja ambalo halikushinda chochote. Lilikuwa mali ya rafiki yangu, ambaye sasa ni marehemu, na lilipofufuliwa lilizusha mzozo ambao nafikiri unatuhusu sote tunaopenda kusimulia mambo ya zamani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Kwa vijana wasiolijua, hili ni gari la Kijapani la watu wawili, lenye pua ndefu na mgongo ulioinama, na mlango mmoja mpana kwa nyuma. Kampuni ya Nissan ililionyesha Oktoba 1969. Huko Japani liliitwa Fairlady Z, na lile la kuuzwa ng'ambo likaitwa 240Z, maana injini yake ni ya lita 2.4. Injini hiyo ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili. Lilipofika Marekani mwaka 1970 liliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyowashangaza watu kwa sababu magari ya Ulaya yenye mbio kama hizo yalikuwa ghali zaidi. Mtu aliyelisukuma sana soko hilo la Marekani alikuwa Yutaka Katayama, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 105.

Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatukulijua gari hili kwa matangazo ya biashara. Tulilijua kwa vumbi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa mkoloni, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na barabara zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya kuvunja magari. Mwaka 1963, kati ya magari zaidi ya themanini yaliyoanza, ni saba tu yaliyomaliza, na mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: saba tu. Wajapani walianza kuleta magari yao mwaka huo wa 1963 na hawakufua dafu. Hata hivyo walirudi mwaka baada ya mwaka, na katika mwaka 1969 ilitolewa sinema huko Japani, akiigiza Yujiro Ishihara, juu ya dereva wa Kijapani anayekuja kushindana katika Safari.

Mwaka 1970 subira yao ilivuta heri. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkaazi wa Kenya, akiwa na mwenzake Hans Schüller, alishinda na Datsun 1600 SSS. Pasaka iliyofuata, mwaka 1971, wawili hao wakashinda tena, safari hii na 240Z yenye namba 11, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta naye alishinda na gari la aina hiyo hiyo, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kabisa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Kila mmoja alikuwa na pointi 406. Mehta alipewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Tukumbuke kwamba mtu huyu alizaliwa Kampala, na kwamba mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda, na ukoo wake ukawa miongoni mwa waliopoteza makao. Mwaka mmoja haujapita vizuri, yeye alikuwa amesimama Nairobi akishangiliwa.

Nimeyataja haya yote kwa kusudi. Historia hii imeandikwa. Madereva wanajulikana, namba za magari zinajulikana, na lile gari lililoshinda mwaka 1971 linajulikana lilipo. Lilirudishwa Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan waliojitolea, wanaofufua magari ya kale ya kampuni yao, walilifanya litembee tena. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba liko nyuma ya nyumba ya mjomba wake.

Sasa nirudi kwa gari la rafiki yangu. Marehemu alikuwa mhasibu katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1976 alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, boneti ikiwa imepinda na taa moja imevunjika, na ndiyo sababu mshahara wa mhasibu ulitosha. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika lake likagawanywa, naye akaendelea na kazi katika reli ya Kenya. Gari lilikuwa starehe yake pekee. Hakunywa, na hakuwa mtu wa kukesha. Jumapili mchana aliliosha, akapanda na mkewe, wakaenda kuangalia mji na kurudi. Kila Pasaka alilipeleka kando ya barabara ambako Safari ilipita, akasimama na wananchi wengine kuvuta vumbi.

Mwaka 1992 alilipandisha juu ya vipande vya mbao katika banda la mabati huko Pangani, akalifunika turubai. Watoto walikuwa wanne, karo ilikuwa inapanda, na breki zilihitaji vipuri ambavyo bei yake ilimshinda. Alisema ni kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ukawa miaka ishirini na mitano, na mwaka 2017 akafariki gari likiwa bado juu ya mbao.

Baada ya matanga kumalizika, mjane wake aliniita. Akaniambia, "Shemeji, yule wa mwisho bado yuko chuo kikuu, na mimi sina pensheni ya maana. Watu wanakuja kuliulizia gari. Lakini sitaki litoke hapa likivutwa kwa kamba kama maiti. Nataka litoke likitembea." Tukakubaliana hivyo, tukaenda kumtafuta fundi.

Fundi tuliyempata ni mzee wa gereji moja ya jua kali karibu na barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Katika ujana wake alikuwa akishika spana katika magereji yaliyotengeneza magari ya mashindano. Vijana wa marehemu walikuwa wamekwisha nunua betri mpya, tayari kuliwasha siku hiyo hiyo. Mzee akawazuia. Aliwaambia, "Wanangu, gari lililolala miaka hii yote ni kama mtu aliyeugua tumbo. Humpi nyama siku ya kwanza."

Naomba uniruhusu, msikilizaji, nieleze kidogo alivyofanya, maana wengi wetu tuna gari au pikipiki ya marehemu fulani imefunikwa mahali, na haraka huua mashine nyingi kuliko kutu. Kwanza alitoa plagi zote sita, akatia oili kidogo katika kila silinda, akaacha siku nne. Ndipo akaizungusha injini kwa mkono, kwa spana, taratibu, akisikiliza kama ringi za pistoni zimeng'ang'ania. Hazikung'ang'ania. Angeiwasha kwa betri bila kufanya hivyo, angeweza kukwaruza silinda na kuharibu injini nzima katika dakika moja.

Pili alishusha tangi la petroli. Petroli iliyokaa miaka mingi hubadilika ikawa kitu kama gundi, na harufu yake ni ya rangi ya mbao. Tena petroli ile ilikuwa ya zama nyingine, ile yenye madini ya risasi, ambayo Kenya iliacha kuitumia kufikia mwaka 2006. Tangi lilisafishwa, mipira yote ya kupitisha mafuta ikabadilishwa, na kabureta mbili zikafunguliwa na kuoshwa kipande kimoja kimoja. Tatu zikafuata breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda za breki kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni. Ndiyo maana fundi alikataa kabisa kuliwasha gari kabla ya kuhakikisha kwamba litasimama. Matairi yalionekana mazima, lakini mpira wake ulikuwa umepasuka kama udongo wa kiangazi, yakatupwa yote. Panya walikuwa wamekula nyaya. Kutu ilikuwa imetoboa chini ya betri na sakafu ya upande wa dereva.

Vijana walidhani vipuri vya injini vitatoka ng'ambo. Mzee akacheka. Aliwaeleza jambo ambalo mimi pia sikulijua: injini ya 240Z na ile ya Datsun 1600 ni ndugu wa tumbo moja. Upana wa silinda ni ule ule, milimita 83, na mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 73.7. Tofauti ni kwamba moja ina silinda nne na nyingine ina sita. Kwa maneno mengine, gari lililoshinda Safari mwaka 1970 na lile lililoshinda mwaka 1971 yalikuwa na pistoni za kipimo kimoja, na injini hiyo ya silinda nne ilibeba pia mboga na abiria katika magari ya kawaida ya Datsun. Fundi aliyezoea kufungua injini ya pikapu ya Datsun hakuwa mgeni mbele ya gari la mashindano. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini magari haya yaliweza kukaa Afrika Mashariki miaka mingi. Yalikuta mikono inayoyafahamu.

Kazi ilichukua miezi saba, kwa sababu fedha zilikuja kidogo kidogo. Siku ya kuwasha, mzee alizungusha injini kwanza bila plagi mpaka mshale wa oili ukapanda, ndipo akarudisha plagi. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikanyamaza. Mara ya tatu ikaitika. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. Hakusema neno, aliingia ndani akapika chai.

Mzozo ulianza baada ya hapo. Alikuja mnunuzi, mtu mwenye uwezo na mwenye adabu. Alitaja bei nzuri. Kisha akasema kwamba anaweza kutoa mara mbili ya bei hiyo kwa masharti mawili. La kwanza, gari lipakwe rangi nyekundu, boneti iwe nyeusi, milangoni iandikwe namba 11, na mbele zifungwe taa kubwa za mashindano. La pili, familia na fundi waandike karatasi kwamba gari hili lilikuwa moja ya magari yaliyotumiwa na timu ya Nissan katika mazoezi ya mwaka 1971. Alisema, "Nani atakayeumia? Marehemu mwenyewe angefurahi."

Vijana walikubali papo hapo, na mimi siwalaumu. Tofauti ya bei ilikuwa karo ya mwaka mzima na zaidi. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Rangi nitapaka, hiyo ni kazi yangu. Karatasi siandiki." Mama akamuuliza sababu. Mzee akajibu kwamba mwaka huo wa 1971 yeye alikuwa kijana wa kuosha vipuri, na anawakumbuka mafundi waliokesha usiku wakitengeneza magari yale. Wengi wamekufa, na majina yao hayakuandikwa popote. Akasema, "Nikiandika kwamba hili nalo lilikuwa moja ya yale, nitakuwa nimewaibia marafiki zangu kitu pekee walichoacha."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Sisi hudhani kwamba uongo juu ya mambo ya zamani hauna mwenye kuumia, kwa kuwa wenyewe hawapo tena kulalamika. Lakini historia ya vitu kama hivi ina wenyewe. Ushindi wa Safari ulipatikana kwa watu kukosa usingizi, kuzama katika matope na kutengeneza springi gizani. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, walikuwa na Volvo iliyokwisha tumika, na Joginder mwenyewe alikuwa mtu wa spana kabla ya kuwa bingwa. Heshima ya namna hiyo hupungua kila mtu anapojipaka namba mlangoni na kudai sehemu yake.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni. Uongo ule ungefuta ukweli wa gari lenyewe. Ndani ya kisanduku cha mbele tulikuta daftari la marehemu. Humo ameandika kwa wino wa buluu kila mara alipobadilisha oili tangu mwaka 1976, kila kipuri alichonunua na bei yake, na kila Pasaka aliyokwenda kuangalia Safari. Ukilisoma daftari hilo unaona mambo mengi. Unaona mfanyakazi wa shirika lililohudumia nchi tatu akijikuta yuko katika nchi moja. Unaona bei ya plagi ikipanda mwaka hadi mwaka, mpaka kurasa za miaka ya tisini ambapo maandishi yanakwisha. Ni kumbukumbu ya namna mtu wa mshahara wa kawaida alivyoishi mjini, na jambo hilo ni adimu zaidi kuliko taarifa za washindi, ambazo magazeti yalikwisha ziandika. Namba 11 ingepakwa juu ya maisha hayo yote, na daftari lingechomwa, maana lingekuwa shahidi dhidi ya karatasi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Magari haya sasa yanatazamwa na watu wanaojua. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari kwa magari ya kale, na Datsun za ukoo huu zimeshiriki. Safari yenyewe, iliyoachwa nje ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ilirudishwa mwaka 2021 na kufanyika Naivasha. Vijana wengi wameanza kuuliza maswali juu ya miaka ya sabini. Wanastahili majibu ya kweli. Tukiwapa hadithi za kuuzia magari, watakuja kugundua, na siku hiyo hawatatuamini hata tunapowaambia yale yaliyotokea kweli.

Mama alikaa na jambo lile siku tatu. Kisha akawaita wanawe, akawaambia kwamba baba yao alikuwa mhasibu miaka thelathini na moja, na hakuna siku aliyosaini hesabu isiyo yake. Yule mnunuzi akaambiwa asante. Baada ya miezi minne gari lilinunuliwa na mtu wa Nakuru kwa bei ndogo, chini hata ya ile bei ya kwanza. Alipewa logbuku pamoja na nakala ya daftari, na karatasi moja iliyoandikwa na mwanawe mkubwa: kwamba hili ni gari la matembezi, halikuwahi kushindana, liliwekwa mwaka 1992, likafufuliwa baada ya kifo cha mwenyewe, na vipuri vilivyobadilishwa ni hivi na hivi. Boneti ina alama ya kunyooshwa hadi leo, kwa kuwa fundi alishauri iachwe. Yule wa mwisho alimaliza chuo akiwa na deni, na amelilipa mwenyewe kwa mshahara wake.

Ndugu msikilizaji, huenda nawe una kitu cha marehemu kimefunikwa turubai: gari, cherehani, redio ya mbao, kamera. Kama uwezo upo, kifufue, maana mashine hufa kwa kukaa. Lakini kabla hujapiga rangi, tafuta karatasi zake. Uliza nani alikitumia, alikinunua kwa nani, nani alikitengeneza kilipoharibika. Yaandike majina hayo, hasa majina ya mafundi, kwa sababu hakuna gazeti litakalokuandikia. Yule mzee wa Kirinyaga bado yupo, anakaribia miaka themanini, na nimeanza kwenda kwake siku za Jumamosi na daftari jipya. Hadi sasa amenitajia mafundi kumi na tisa wa miaka ile. Wanne tu ndio walio hai.

Hadi juma lijalo, kwaherini.